Walichokumbushwa Wakristo Kando ya Mto Kaveri

Tarehe 6 Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuifanya tarehe 21 Desemba ya kila mwaka kuwa Siku ya Kutafakari Duniani, miaka kumi baada ya baraza hilohilo kuitengea yoga siku yake, tarehe 21 Juni. India ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha azimio hilo. Tangu hapo, katika makundi ya simu ya waamini ninayoshiriki, zimekuwa zikizunguka sauti za aina mbili. Za kwanza zinaonya kwamba Mkristo anayekaa kimya, akanyoosha mgongo na kurudia neno moja moyoni, ameshawafungulia mlango miungu ya Wahindu. Za pili, ambazo hutoka zaidi kwa vijana waliosoma, zinajibu kwamba kimya ni kimya tu, kwamba dini zote hukutana huko ndani, na kwamba anayeogopa ni mshamba. Naona pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea jambo moja. Zote zinadhani kwamba kilichotoka kwa Wahindu ni mbinu, kama dawa iliyofungwa kwenye karatasi: mmoja anasema ni sumu, mwingine anasema ni tiba, na hakuna anayeifungua karatasi kutazama kilichomo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba Wakristo waliokwenda kwa Wahindu kwa unyofu katika karne ya 20 walirudi na mambo mawili. Walikumbushwa sala ambayo Kanisa lilikuwa nayo tangu majangwa ya Misri, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imebaki mikononi mwa watawa wachache. Kisha waliulizwa swali gumu juu ya Mungu na nafsi, ambalo wengi wao walikufa hawajalimaliza. Jambo la kwanza tulipokee bila hofu. La pili tusilifunike kwa haraka, iwe kwa kulaani au kwa kusifu.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo katika maneno tunayotumia. Kwa Kiswahili cha kila siku, kutafakari ni kulichukua jambo na kuligeuzageuza akilini: padri hutoa tafakari ya masomo ya Dominika, mama huitafakari barua ya mwanawe, wazee huutafakari mgogoro wa shamba. Hiyo ni kazi ya akili na maneno, na sala nyingi tulizofundishwa ni za namna hiyo. Taamuli ni jambo jingine. Katika taamuli akili huacha kuligeuza jambo, ikatulia mbele za Mungu kama mtoto wa Zaburi ya 131 anavyotulia kwa mama yake, akiwa hana cha kudai zaidi ya kuwapo pale. Walimu wa kale wa Kanisa walisisitiza kwamba taamuli yenyewe ni kipaji. Hakuna anayeweza kuifua kama mhunzi afuavyo jembe. Kilicho katika uwezo wetu ni kujiandaa: kukaa, kunyamaza, kurudia neno fupi mpaka mawazo yapunguze ghasia. Msomaji wa pwani hahitaji Kisanskriti ili aelewe hilo, maana ameisikia dhikri, jina likirudiwa kwa pumzi ileile mpaka kifua kizima kinakuwa jina hilo. Wahindu wana japa, na Wakristo wa Mashariki wana Sala ya Yesu. Kinachozitenga ni jina linalotajwa na imani inayolibeba, na tofauti hiyo si ndogo, nitairudia.

Mkutano wa Ukristo na Uhindu katika sala haukuanza na azimio la Umoja wa Mataifa. Mjesuti Roberto de Nobili alifika Madurai, kusini mwa India, mwaka 1606, akavaa na kula kama mtawa wa Kihindu, akashtakiwa na wamisionari wenzake, na mwaka 1623 Papa Gregori XV akaamua kwamba mengi aliyoyaruhusu kwa waongofu wake hayakuwa ibada ya sanamu. Lakini de Nobili alitafuta zaidi njia ya kuhubiri. Aliyeigusa sala yenyewe ni Mbengali Brahmabandhab Upadhyay, Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) aliyeingia Ukatoliki, ambaye mwaka 1898 alitunga utenzi wa Kisanskriti wa kuuabudu Utatu Mtakatifu kwa jina la Saccidananda: kuwapo, ufahamu na heri. Ni jina la kale ambalo Wavedanta, wanafalsafa wa Kihindu, hulitumia kumsema Brahman, yule aliye asili ya vyote. Utenzi huo unaimbwa na Wakristo wa India mpaka leo.

Miaka 52 baadaye jina hilo lilibandikwa langoni. Tarehe 21 Machi 1950 Wafaransa wawili, padri Jules Monchanin na mmonaki Mbenedikto Henri Le Saux, walianzisha makao ya sala kando ya mto Kaveri, katika nchi ya Watamil, karibu na mji wa Tiruchirappalli. Waliyaita Ashramu ya Saccidananda, ingawa watu wengi huyajua kwa jina la Shantivanam, yaani Msitu wa Amani. Walivaa nguo za rangi ya udongo mwekundu kama masanyasi, yaani watawa wa Kihindu walioacha yote, wakaacha nyama, wakalala chini. Baadaye, mwaka 1968, uongozi ulipokewa na Mbenedikto Mwingereza, Bede Griffiths, aliyekaa hapo hadi alipofariki mwaka 1993. Ibada zilizokuzwa mahali pale zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi huzisema bila kujua ni nini. Asubuhi waliokusanyika hupakwa marhamu ya msandali, mti wenye harufu inayobaki hata unapokatwa, kuwa ishara ya neema. Mchana hupakwa unga mwekundu wa kunkumu katikati ya nyusi, ishara ya jicho la ndani linalomtafuta Kristo moyoni. Jioni hupakwa majivu, na hapo Mkatoliki yeyote aliyewahi kuinamisha kichwa siku ya Jumatano ya Majivu hahitaji mkalimani. Husomwa kidogo kutoka Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu, au kwa washairi wa Kitamil, kisha Zaburi, kisha Injili. Macheo na machweo, saa ambazo Wahindu huziona kuwa makutano ya usiku na mchana, ni saa za kimya.

Le Saux ndiye anayenigusa zaidi, na ndiye anayepaswa kuwapa wasiwasi wale wanaoona kwamba jambo hili ni jepesi. Januari 1949, kabla ashramu haijaanzishwa, alikwenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, kumwona Ramana Maharshi, mzee wa Kihindu aliyefundisha karibu kwa swali moja tu: mimi ni nani? Mwanzoni hakuona cha ajabu. Alimwona mzee mpole tu, na watu wengi mno waliomzunguka. Kisha homa ikampata, na katika homa hiyo kile ambacho akili yake ilikuwa imekikataa kikaanza kumwingia. Alirudi mara kwa mara, na baada ya kifo cha Ramana mwaka 1950 alikaa katika mapango ya mlima ule kwa vipindi virefu, peke yake, akinyamaza. Upanishadi husema kwamba Brahman amefichwa katika guha, yaani pango la moyo, na Le Saux aliyachukua maneno hayo kwa uzito kiasi cha kuingia pangoni kwa mwili wake. Mwishowe alihamia kaskazini, Uttarkashi, katika kibanda kando ya Ganga. Mwaka 1973 moyo ulimshtuka barabarani huko Rishikesh, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki Indore. Hadi mwisho aliendelea kuwa padri. Hadi mwisho pia hakusema kwamba ameupatanisha Utatu na mafundisho ya Advaita, yale yasemayo kwamba Mungu na nafsi si wawili. Alibeba vyote viwili, vikamuumiza.

Mwenzake Monchanin, kwa upande wake, alizidi kuwa na mashaka kadiri miaka ilivyopita. Naye alikuwa mtu wa sala, mwenye elimu kubwa, na aliipenda India. Lakini aliona kwamba kati ya Brahman wa Advaita, ambaye mbele yake kila uhusiano huyeyuka, na Mungu wa Utatu, ambaye ni uhusiano wenyewe, kuna bonde ambalo kuimba na kufukiza havilifukii. Kwa hiyo mgogoro tunaousikia leo katika sauti za simu ulikwisha kuishi ndani ya ua mmoja, kati ya watu wawili waliosali pamoja.

Mkondo wa pili ulipita njia nyingine, na kwangu ndio unaoondoa hofu. Katika miaka ya 1950 John Main, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Malaya, alimtembelea Swami Satyananda mjini Kuala Lumpur kwa shughuli za kazi, wakaingia katika mazungumzo ya sala. Main alimwomba amfundishe. Mzee yule hakumtaka aache Ukristo wake. Alimwambia kwamba, kwa kuwa ni Mkristo, achague neno la Kikristo, akae nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na kulirudia moyoni. Main alifanya hivyo kwa miaka kadhaa, kisha akaingia utawa wa Kibenedikto huko London, na huko akaambiwa aiache sala ile kwa kuwa haikuwa ya Kikristo. Aliitii amri. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mkuu wa shule Washington, alipozisoma upya Konferensi za Yohane Kasiano, yaani mazungumzo yake na wazee wa jangwani, akakuta ukurasa mzima unaofundisha kile alichokatazwa.

Kasiano aliandika Ulaya katika karne ya 5, lakini alichokiandika alikipokea Afrika. Akiwa kijana, yeye na rafiki yake Germano walikwenda kwa wamonaki wa jangwa la Sketi, Misri, wakawauliza mambo kama wanafunzi. Katika konferensi ya tisa Aba Isaka aliwaeleza uzuri wa sala isiyokatika, nao wakaondoka wamestaajabu lakini hawajui waanzie wapi. Wakarudi. Germano akalalamika kwamba akili haitulii: ikishika zaburi moja inarukia nyingine, kama mlevi asiyejua njia ya kwao. Ndipo Aba Isaka alipowapa mstari mmoja, mwanzo wa Zaburi ya 70, ombi la kumtaka Mungu aje upesi kuokoa na kusaidia, akawaambia waurudie wakila, wakilala, wakijaribiwa, wakifurahi, mpaka akili iuache utajiri wa mawazo mengine yote na kukubali umaskini wa mstari huo mmoja. Alisema kwamba siri hiyo aliipokea kwa wachache waliobaki wa wazee wa kwanza, na kwamba huonyeshwa wachache wenye kiu.

Mtu akiyasoma hayo kisha akafungua sura ya sita ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, atakuta shujaa Arjuna analalamika kwa Krishna, bwana wake, kwa maneno yanayokaribiana ajabu na ya Germano: akili haitulii, kuishika ni kazi kama kuushika upepo. Jibu la Krishna ni mazoezi ya kudumu na kuacha tamaa, ambalo halipingani na la Aba Isaka, ila Isaka anatia ndani yake kilio cha kuomba msaada. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ninachosema ni kwamba kila anayejaribu kweli kunyamaza hukutana na tatizo lilelile, na watu waliolikabili kwa karne nyingi huwa na maarifa ambayo asiyejaribu hana. Wahindu hawakuacha kulikabili. Sisi tuliacha, au tuliwaachia watawa. Basi Mhindu wa Kuala Lumpur alimrudishia Mwingereza kitu ambacho mababa wa jangwa la Afrika walikuwa wamekiweka katika ghala la Kanisa, na kuita jambo hilo uvamizi wa Uhindu ni kutoijua nyumba yetu wenyewe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wamonaki wa Peramiho, Ndanda na Hanga wanaishi chini yake, katika sura ya 42 inataja kwa jina Konferensi hizo kuwa usomaji wa jioni kabla ya sala ya mwisho.

Sasa nizitazame pingamizi. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kurudia neno ni kule kupayuka-payuka ambako Yesu alikukataza katika Mathayo 6:7. Anayeitumia aya hiyo asome na ile iliyotangulia, inayosema, ‘ingia katika chumba chako cha ndani’, na kuufunga mlango. Yesu anakataza maneno mengi ya mtu anayedhani Mungu atashawishika kwa wingi wake. Neno moja linalorudiwa kwa sauti isiyosikika na mtu ni kinyume cha hayo. Na Injili hiyohiyo, sura ya 26, inasema kwamba Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu ‘akisema maneno yale yale’. Wala sielewi jinsi Mkatoliki anayesali Salamu Maria hamsini kwa rozari, au Mpentekoste anayelirudia jina la Yesu usiku kucha katika mkesha, anavyoweza kuigeuza hoja hii dhidi ya jirani yake bila kujikata mwenyewe. Pingamizi la jamaa ya hilo, kwamba kila mantra, yaani neno linalorudiwa katika sala, ni jina la pepo, lina jibu fupi: neno ambalo John Main aliwafundisha wanafunzi wake ni Maranatha, na liko katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 16, aya ya 22. Bede Griffiths, aliyelaumiwa kuliko wote, alisali Sala ya Yesu kwa zaidi ya miaka 40.

Pingamizi lenye uzito limo katika barua iliyotolewa Oktoba 1989 na idara ya Vatikani ya mafundisho ya imani, ikiwa na saini ya Kardinali Ratzinger, ambayo inataja Zen ya Wabudha, Tafakuri Pitilizi (Transcendental Meditation) na yoga. Wengi huinukuu kama katazo. Barua hiyo inasema kwamba njia hizo zisikataliwe moja kwa moja kwa sababu tu si za Kikristo, bali kilicho na manufaa kichukuliwe, mradi maana ya Kikristo ya sala isififishwe. Lakini onyo lake ni la kweli na halipaswi kupunguzwa. Inaonya dhidi ya kuchukua utulivu wa mwili na joto la moyo kuwa ndio Roho Mtakatifu, na inashikilia kwamba sala ya Kikristo ni mazungumzo ya watu wawili, Mungu na mtu, wala kamwe si nafsi moja kuzama ndani yake yenyewe. Nimewaona watu waliokaa kimya miezi sita wakaanza kuwadharau wanaosali kwa sauti. Hao hawajafika popote, na barua ile ilikuwa imewaona kabla yao.

Hata hivyo, barua hiyo na wengi wanaoitumia huuchukua Uhindu kana kwamba wote ni Advaita ya mwalimu Shankara, ambamo nafsi na Brahman si wawili. Hapo ndipo jiografia ya Shantivanam inaponifundisha jambo. Ukifuata Kaveri kwenda chini kutoka ashramu ile unafika Srirangam, kisiwa chenye hekalu kubwa la Vishnu, ambako mwalimu mwingine wa Kihindu, Ramanuja, aliongoza na kufundisha katika karne ya 11 na ya 12. Ramanuja alimpinga Shankara kwa nguvu zote za elimu. Alifundisha kwamba nafsi ni mwili wa Mungu, zinaishi ndani yake na kwa ajili yake, wala hazifutiki. Kwamba njia kuu ni bhakti, upendo wa mja kwa Bwana wake. Na kwamba neema hutangulia. Kwa hiyo mjadala kati ya Mungu ambaye mbele yake nafsi huyeyuka na Mungu ambaye nafsi humpenda milele ni mjadala ambao Wahindu wenyewe wamekuwa nao kwa karibu miaka elfu, kwa makini kuliko sauti zozote za simu. Mkristo anayesema ‘Uhindu unafundisha kwamba mtu ni Mungu’ amemsikia mzee mmoja wa baraza na kuondoka. Na nakiri kwamba mabingwa wa Shantivanam nao, kwa mvuto wa Arunachala, mara nyingi walimsikiliza Shankara kuliko jirani yao wa Srirangam.

Kuhusu swali lenyewe la Advaita, sina haraka ya kulifunga. Paulo aliandika kwa Wagalatia, ‘wala si mimi tena, bali Kristo yu hai ndani yangu’, na maneno hayo yakichukuliwa kwa uzito yanatisha: huyo ‘mimi’ amekwenda wapi? Katika Yohane 17 Yesu anaomba kwamba wanafunzi wawe na umoja kama Baba alivyo ndani yake naye ndani ya Baba. Kwa mazoea tumeyageuza maneno hayo kuwa mahubiri ya ushirikiano wa jumuiya. Mhindu anayeyasoma kwa mara ya kwanza hushtuka, na mshtuko wake hutufaa. Bado naamini kwamba upendo unahitaji wawili na kwamba Utatu unamaanisha hata ndani ya Mungu kuna ‘wewe’. Lakini imani hiyo ninaishika sasa nikijua inasema nini, baada ya kusikia kwa haki kauli inayoipinga.

Kuna pingamizi mbili ambazo karibu hazisikiki kwetu, nami naziona nzito kuliko zote. Ya kwanza ni ya Wahindu. Katika miaka ya 1980 baadhi ya waandishi wao waliwashutumu Griffiths na wenzake waziwazi, wakasema kwamba sanyasi ni mtu aliyeacha kila dai, pamoja na dai la dini, na kwamba padri anayevaa rangi hiyo huku akiwa chini ya Roma anavaa kilicho cha wengine ili kuwavua waumini. Griffiths alijibu kwa upole na, nijuavyo, kwa moyo safi. Lakini historia ya wamisionari haikuwapa Wahindu sababu ya kuamini mioyo safi, na anayeazima chombo cha jirani hawezi kuwa yeye mwenyewe hakimu wa kusema kwamba hakuiba. Ya pili ni ya Wakristo wa India wenyewe. Sehemu kubwa ya Wakristo wa nchi hiyo ni Wadalit, watu ambao Kisanskriti na usafi wa Kibrahmini viliwafungia mlango wa hekalu kwa vizazi. Wanauliza: hekima ya Kihindu mnayoitajirishia sala ni ya nani? Kama Kanisa lililowaambia wao pia ni wana wa Mungu sasa linawaimbia kwa lugha waliyokatazwa hata kuisikia, basi utamadunisho umemtajirisha aliyekuwa tajiri. Sijaona jibu linalotosha kwa swali hilo. Kila anayesifu ashramu, nami nikiwamo, anapaswa kulibeba.

Upande wa pili wa mabishano, ule wa ‘dini zote ni moja’, nautolea maneno machache kwa sababu unajiangusha wenyewe. Swami Satyananda hakumwambia Main kwamba majina ni mamoja. Alimpa neno la imani yake. Ramanuja hakudhani kwamba tofauti yake na Shankara ni ya maneno. Na siku za kimataifa, pamoja na nia njema iliyozileta, huzungumza juu ya afya na utulivu, mambo mazuri ambayo hata hivyo Upanishadi haziyataji kuwa lengo. Katika Katha Upanishadi kijana Nachiketa anakwenda kwa Yama, bwana wa mauti, anaahidiwa mali, wana na umri mrefu, anavikataa vyote, anataka kujua kile kisichokufa. Kumpa Nachiketa dakika kumi za kupunguza mawazo ya ofisini ni kumrudishia zawadi alizozikataa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko Nostra Aetate lililotimiza miaka 60 Oktoba 2025, ulisema kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo, na uliwataja Wahindu wanaoichunguza siri ya Mungu na kutafuta ukombozi kwa tafakuri ya kina. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mahekalu yao yamesimama kwa vizazi Zanzibar, Mombasa na mtaa wa Kisutu Dar es Salaam, kutimiza tamko hilo kungeweza kuanza kwa kuwauliza majirani hao wanasalije, kabla ya kuwasimulia. Na kungeweza kuendelea kwa kazi iliyo ndani ya nyumba: makatekista wafundishwe tofauti ya tafakuri na taamuli, na konferensi ya tisa na ya kumi ziwafikie waamini kwa Kiswahili chepesi, katika kijitabu cha bei ya daftari.

Anayefundisha, hata hivyo, afundishe kwa uangalifu. Katika parokia moja niliyosali kwa miaka michache, watu wapatao tisa tulikuwa tukibaki kanisani Alhamisi baada ya Misa ya jioni kwa nusu saa ya kimya. Siku moja mama mmoja alikaa nasi hadi mwisho, rozari mkononi, kisha akaikaza kanga yake na kuniuliza kwa sauti ya chini, ‘Mwanangu, mtaanza kusali saa ngapi?’ Sikuwa na jibu lililomfaa, na niliporudi nyumbani nilikumbuka kisa ambacho Kasiano anakisimulia kabla tu ya kutoa ule mstari wa zaburi. Mmonaki mzee aitwaye Serapioni alikuwa amezoea kusali akimwona Mungu akilini kwa umbo la mtu. Wasomi wakamthibitishia kwamba Mungu hana umbo, naye akakubali. Wote wakasimama kushukuru kwa sala. Katikati ya sala mzee akaanguka chini akilia, kwamba wamemwondolea Mungu wake, na sasa hana wa kumshika wala hamjui wa kumwabudu. Kasiano na Germano walitetemeshwa na kilio hicho, wakakipeleka kwa Aba Isaka. Naye, baada ya maelezo marefu juu ya sala isiyo na sura wala umbo, aliwapa vijana wale maneno ya kushika mkononi, na neno la kwanza la maneno hayo lilikuwa kumwita Mungu.